Fort Jesus kwa mzazi anayesomesha nyumbani

Kama unasomesha watoto wako nyumbani hapa Mombasa na mfuko unaruhusu matembezi machache tu, anza na Ngomeni, yaani Fort Jesus. Nimeshanunua vitabu vya mazoezi vyenye picha za kupendeza, nimeshalipia programu za simu zinazopiga makofi kila mtoto anapopata jibu, na sijaona hata kimoja kilichotupa masomo marefu kama yale mawe. Hii ni tathmini ya mzazi. Mtalii atakueleza upepo na picha nzuri za bahari. Mimi naangalia jambo moja: je, mahali penyewe panamwachia mtoto ajifunze kwa njia yake na kwa mwendo wake?

Watoto wangu ni wawili. Kaka mtu ana miaka kumi, hapiti penye maandishi bila kuyasoma, na swali lake la kwanza juu ya kitu chochote ni "lini?" Dada mtu ana miaka saba na mkono wake hutangulia macho. Mpe karatasi ya hesabu mezani, punde si punde yuko chini ya meza. Mpe mahindi apukuchue, atakuhesabia punje mpaka mia mbili bila kuombwa. Tunafuata mtaala wa CBC, ule wa shule za Kenya unaozingatia umilisi, kwa mpangilio wetu wenyewe, asubuhi kusoma na kuhesabu, na siku moja ya wiki tunatoka.

Sisi twatoka Likoni, kwa hiyo safari yenyewe inaanza na feri, ambayo kwa waendao kwa miguu ni bure. Ukifika mjini waweza kuchukua tuktuk, lakini kushuka Barabara ya Nkrumah kwa miguu hakumchoshi mtoto mzima. Ngome hufunguliwa kila siku kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni na mtoto hulipa chini ya mtu mzima, basi njoo na kitambulisho. Fika mapema. Juu ya kuta hakuna kivuli, na kuanzia saa tano mawe yenyewe huwa yamepata moto.

Sasa nianze na kuta, maana hapo ndipo binti yangu huanzia. Ngome nzima imesimamishwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukikaribia utaona umbo la matumbawe lenyewe ndani ya jiwe, vijishimo na mistari kama ya nyota. Mkubwa alikuwa bado anasoma kibao cha langoni, mdogo ameshabandika viganja viwili ukutani.

"Mama, hili jiwe lilikuwa hai?"

Swali hilo lilitulisha wiki nzima. Nilimjibu ndiyo, vijidudu vidogo vya baharini vilijenga hayo, kizazi juu ya kizazi, na watu wakaja wakakata. Kisha tukafika kwenye chokaa: ni matumbawe yale yale, yakachomwa kwenye tanuu mpaka yakageuka unga, ukachanganywa na maji na mchanga yakawa udongo wa kushikia mawe. Kwa hiyo ukuta ni bahari juu ya bahari. Nyumbani alidai tuchome kombe jikoni tuone. Tulichoma, kwenye jiko la makaa, nje, mimi nimesimama karibu. Kemia yote ya mwaka wake iko hapo, na hakuna aliyemwambia akae kitako.

Kwa hesabu, ngome hii ni hazina. Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa michoro ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano aliyekuwa akiwajengea ngome zao. Ukiitazama kwenye ramani inafanana na mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini, na buruji nne, yaani zile kona za ngome zilizochomoza nje ya ukuta, ndiyo mikono na miguu. Wajenzi wa zama zile wa kwao waliamini kwamba vipimo vya mwili wa mwanadamu ndivyo vipimo vya jengo zuri. Nilipomwambia mkubwa hayo, alitaka kupima. Tukapima kama walivyopima wazee wetu: shubiri mbili dhiraa moja, dhiraa nne pima moja. Akapima mzinga kwa shubiri. Dadake akapima unene wa ukuta langoni kwa dhiraa, na majibu yao yalipokataa kulingana wakagundua wenyewe kwamba mkono wa kaka ni mrefu kuliko wa dada. Ndipo mkubwa akaelewa kwa nini watu walihitaji mita. Kitabu chake cha hesabu kina ukurasa mzima juu ya jambo hilo, wenye picha ya rula, na alikuwa ameupita bila swali.

Lakini somo nililolipenda kuliko yote ni la buruji, na walilipata kwa kucheza kibe. Mdogo alijificha kwenye kona ya chini, mahali ambapo kwa ukuta wa kawaida usingeweza kumwona kutoka juu. Kaka yake akasimama kwenye buruji iliyochomoza nje, akamwona mara moja. Akabadilisha kona, akaonekana tena. Walizunguka hivyo mpaka mkubwa akasimama ghafla akasema, "Mama, hakuna pa kujificha. Huyu wa hapa anamlinda wa pale, na wa pale anamlinda wa hapa." Hiyo ndiyo siri yote ya ngome za aina hii. Mnara wa duara huacha sehemu chini yake ambayo mlinzi haioni wala risasi haiifiki. Buruji za pembe zilizochomoza humwezesha mlinzi kupiga sambamba na uso wa ukuta wa jirani yake. Kijana wa miaka kumi aligundua kwa miguu yake kile ambacho ningemweleza nusu saa akapiga miayo. Jioni alichora mistari ya kuonea kutoka kila buruji, na pembe zake alizipima kwa kipimapembe bila mimi kutaja neno jiometri.

Nilimwachia. Naomba mzazi anayesoma hapa alizingatie hilo. Ukikimbilia kueleza, ugunduzi unakuwa wako.

Historia ya mahali hapa ni nzito, na sitaki kumdanganya mtu kwamba yote ni ya kuchekesha. Watu wa Mombasa waliomba msaada Oman, na majeshi ya Waomani yakaizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Ni miezi thelathini na mitatu. Ndani walikuwa Wareno pamoja na Waswahili waliokuwa upande wao, na wengi wao waliuawa na maradhi. Mwaka 1697 merikebu ya vita iliyokuwa imekuja kutoka Goa, makao ya Wareno huko India, kuwaokoa, Santo António de Tanna, ilizama pale pale chini ya ngome. Kati ya mwaka 1977 na 1980 wapiga mbizi wataalamu waliichimbua chini ya maji, na vitu vilivyotolewa humo viko kwenye maonyesho. Mdogo alizisikiliza habari hizi amekaa kimya kabisa, mikono mapajani, mpaka mwisho. Aliuliza kama kulikuwa na watoto ndani. Nikamwambia palikuwa na familia, ndiyo. Tukanyamaza kidogo, tukaenda kuangalia birika la maji na kisima, maana swali lake lililofuata lilikuwa walikunywa nini.

Kaka yake alishikwa na kisa kingine. Sultani Yusuf bin Hasan alikuwa mtoto wa nyumba ya kifalme ya Mombasa. Baba yake aliuawa, na yeye akapelekwa Goa angali mdogo, akalelewa na kusomeshwa na mapadri wa Kiagustino, akabatizwa jina la Jerónimo. Alirudi Mombasa mwaka 1626 kuwa mfalme chini ya Wareno. Agosti 1631 alimuua kapteni wa ngome, akaikamata ngome na kurudi kwenye dini ya baba zake, na wengi wakafa siku zile. Nilikisimulia kwa maneno ya kufaa umri wake, nikategemea ataniuliza habari za vita. Akaniuliza, "Aliulizwa kama anataka kwenda Goa?" Sina jibu zuri zaidi la kumpa mtu anayeniuliza kwa nini nawasomesha mwenyewe kuliko swali lile la mwanangu. Alikaa nalo siku kadhaa, akaandika kurasa mbili, yeye ambaye insha ya mistari kumi juu ya "Siku ya Mvua" ilikuwa inamliza.

Mdogo naye ana pake. Wanajeshi wa Kireno waliokaa zamu walichora ukutani kwa mkaa na udongo mwekundu: merikebu, samaki, vitu vya kwao. Michoro hiyo imehifadhiwa na kuonyeshwa. Kwa mtoto anayekatazwa kila siku kuchora ukutani, kuona mtu mzima wa miaka mia nne iliyopita alifanya hivyo hivyo, na leo watu wanakuja kutoka mbali kumtazama, ni jambo kubwa. Hatukuzungumzia adabu ya kuta. Tulizungumzia huyo mtu alikuwa anawaza nini, na kwa nini merikebu ndiyo aliyoichora mara nyingi.

Hapa nisimame kidogo juu ya hizi habari za "mtindo wa kujifunza". Siku hizi unaweza kumpima mtoto kwa karatasi ya maswali, ukaambiwa huyu ni wa kuona, huyu wa kusikia, yule wa kutenda, na baada ya hapo unauziwa vifaa vya fungu lake. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler, Mark McDaniel, Doug Rohrer na Robert Bjork, walichapisha mapitio ya tafiti za jambo hilo wakahitimisha kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuhalalisha kuwafundisha watoto kwa mafungu hayo. Naafikiana nao, na Ngomeni nimeyaona kwa macho yangu. Binti yangu, ambaye karatasi yoyote ingemwita wa kutenda, ndiye aliyesikiliza habari za kuzingirwa bila kutikisika. Kijana wangu wa vitabu ndiye aliyejifunza jiometri kwa kukimbia. Kuheshimu maumbile ya mtoto ni kumpa muda, kumpa vitu vya kweli mkononi, na kumwachia leo awe hivi na kesho awe vingine. Ukishamwandikia kibandiko, umemfungia mlango ambao huenda angeupitia mwenyewe.

Wala hili si geni kwetu. Chuoni, yaani madrasa ya Kurani, tulikokwenda sote na juzuu zetu, wakubwa kwa wadogo tulikaa pamoja na kila mmoja alikuwa mahali pake. Huyu yuko Juzuu Amma, yule ameshafika mbali, ndugu wawili wa nyumba moja wako sura tofauti, na hakuna aliyeshangaa. Ulisomeshwa ulipofikia, ukishika unasogea. Mkubwa alimsikiliza mdogo kabla mwalimu hajamsikiliza. Bakora ilikuwepo, nayo siitetei. Lakini huo mpango wa kila mtoto kuanza alipo na kusogea anapokuwa tayari ulikuwa wetu, tena wa zamani, na nasikitika tulivyouacha nje ya mlango wa shule.

Turudi ngomeni. Kumbi za maonyesho zina vyombo vya kauri vya Kichina na vya nchi za Kiislamu vilivyochimbuliwa miji ya kale ya pwani, Gede, Manda na Ungwana, na kuna Nyumba ya Waomani. Vitu viko nyuma ya vioo, na ndivyo inavyopasa, ila kwa mtoto wa mikono huo ni mtihani. Dawa yake ni daftari na penseli. Mwambie achague kitu kimoja tu akichore mpaka atosheke. Wangu alichora kipande cha sahani ya buluu na nyeupe, na akataka kujua mtu wa Gede alipataje sahani ya Uchina. Pepo za kaskazi na kusi, majahazi, biashara ya pembe na dhahabu, yote yaliingia kupitia kipande hicho. Ukumbi wenyewe una mengi, na ukijaribu kuwapitisha watoto kila kioo utawarudisha nyumbani wamechoka na hawakumbuki lolote. Sisi huchagua chumba kimoja, tukaacha vingine kwa safari nyingine. Mkubwa husoma maelezo yote kwa sauti, na dadake ameshajua kumkatiza pale inapomfaa.

Mwongozaji ni wa kuchukuliwa, hasa mara ya kwanza, ila zungumza naye kabla hamjaanza. Mzee mmoja nilimwambia, "Mjomba, hawa watauliza sana, na huenda tukakaa mahali pamoja muda mrefu." Akanijibu, "Waache waulize, mama yangu. Mimi sina haraka, ngome yenyewe haina haraka." Alikuwa na subira ya kweli. Mdogo alipomuuliza mizinga ilipandishwaje juu, hakumpa jibu, alimuuliza yeye angefanyaje, wakaketi wawili juu ya ngazi wakipanga kamba na magogo. Ukipata mwongozaji wa namna hiyo, mpe bakshishi bila kuhesabu.

Chunga siku. Mwisho wa muhula mabasi ya shule hujaa nje na misafara ya watoto hupita ikishikana mikono. Siwalaumu walimu hao hata kidogo. Mtu mmoja ana watoto arobaini na basi linangoja. Ila nilimwona mvulana mdogo amepachika sikio kwenye mdomo wa mzinga, amefumba macho, anasikiliza, akavutwa mkono kwa sababu mstari umesogea. Ningempa mtoto yule robo saa yake kama ningeweza.

Ukitembea na watoto siku ya kazi utaulizwa mbona hawako shule. Mimi huulizwa ferini, sokoni, mpaka kwenye tuktuk. Najibu kwa upole kwamba wako darasani sasa hivi. Lakini nisikufiche upande wa pili: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inazungumzia wajibu wa mzazi kumpeleka mtoto shule, na familia za Kenya zinazosomesha nyumbani zimewahi kulifikisha suala hili Mahakama Kuu. Anayefikiria njia hii azungumze na wakili kwanza, aweke kumbukumbu za masomo, na kazi za mtoto azihifadhi. Daftari zetu za Ngomeni ziko kwenye faili, kila moja na tarehe yake.

Baada ya ngome, kama miguu ingalipo, ingieni Mji wa Kale kwa Ndia Kuu. Huko waonyeshe jinsi upana wa vyumba vya nyumba za mawe za zamani unavyotokana na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, na dada mtu atapima hilo pia. Nunua dafu kabla ya kurudi ferini, watoto watakuwa na kiu.

Nikipanga kwa umri: miaka saba hadi kumi na mbili ndiyo hasa, maana wanaweza kupanda na kushuka wenyewe na bado hawajaona haya kupapasa ukuta. Wenye umri mkubwa zaidi wataipenda kama wanapenda historia, na huko kuna ya kutosha: gereza la Waingereza kuanzia mwaka 1895 hadi 1958, kisha ukarabati, kisha kuingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011. Kwa walio chini ya miaka minne siipendekezi. Juu ya kuta kuna kingo na ngazi za mawe zisizolingana, na utashinda umemshika mtoto mkono siku nzima, ilhali faida yote ya mahali hapa ni kumwachia. Hao wapelekeni ufukweni maji yakitoka, mkiwa na ndoo na muda mwingi. Wanaotembea wenyewe wavae kofia na viatu vya kufunga, mbebe maji ya kutosha, penseli mbili kwa kila mtoto, na msipange jambo lingine lolote mchana huo.